Kanzu za Kwaya na Usingizi wa Perez

Benchi la kijiwe chetu pale Manyatta liliegemea ukuta wa nyumba ya Joram, chini kabisa ya dirisha lake, kwa hiyo yaliyosemwa pale aliyasikia apende asipende. Tangu kiwanda cha nguo kipunguze watu, fundi huyu alishonea nyumbani: oda ikija anashona, isipokuja anangoja. Mtoto wake Perez, ambaye hata kutembea hajaanza, alikuwa juu yake wiki nzima, mpaka Seline mkewe arudi Ijumaa kutoka Awasi alikofundisha. Siku hiyo maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mama yake mzazi alikuwa njiani kutoka Usenge kuchukua kanzu za kwaya, na alikuwa ametuma neno: akikuta hazijaisha, ataondoka na mtoto, maana mwanamume hawezi kushika sindano na kushika nyathi, yaani mtoto, kwa pamoja. Kanzu zilibaki vifungo tu. Lakini vifungo hushonwa kwa mkono, na Perez hulala cherehani ikilia. Ikinyamaza, analia yeye.

Cherehani ikanyamaza. Perez akaangua kilio mtaa mzima ukasikia.

— Oda! Oda! alisema Obiero, aliyeitwa Spika kwa kuwa hakuna aliyeongea pale bila ruhusa yake. Nani ashaona mtoto wa kulazwa na mashini?

— Hiyo ni saiensi, bwana, alijibu Dishon, aliyeitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kulinda geti la zahanati. Mtetemo inaingia kwa mifupa. Damu ya huyo mtoto ishakuwa dizeli.

— Sasa mbona analia?

— Dizeli imeisha. Si unasikia?

Kangethe, mwenye birika la kahawa, alijaza vikombe. Walimwita Jumla, kwa vile hata ushauri aliutoa kwa magunia.

— Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu amelelewa na cherehani, atakuwa cherehani. Mtamwoza kwa nani? Kwa pasi ya makaa?

Benchi likacheka. Joram naye akacheka huko ndani, Perez begani, kanzu mapajani. Alijaribu kushona kwa mkono mmoja, kifungo kikaanguka na kuviringika chini ya kabati.

— Nyinyi mmesahau kwenu, Spika akasema. Mtoto akilia hivyo anataka jina. Kuna babu wa zamani hajaitwa. Taja majina, akinyamaza, umempata.

— Jina ako nalo! Joram akapaza sauti dirishani. Anaitwa Perez na hajawahi kukataa!

— Hilo ni la kanisa, omera. Haya, Nyagweth! Odiaga! Obiero!

— Spika, Obiero si ni wewe?

— Nilikuwa najaribu tu.

Perez aliposikia hilo la mwisho, alilia maradufu.

— Basi mimi nimejua, Jumla akasema. Huyo alikuwa fundi zamani. Alikufa na nguo za watu, sasa amerudi kuzimaliza.

— Aaa! Ndiyo maana! Daktari akaruka. Fundi, mpe mkasi! Mtoto akililia wembe, mpe!

— Daktari, toka kwa dirisha yangu!

Hapo Joram akatoa kichwa nje, jasho likimtiririka.

— Jamaa, leo si mchezo. Mama anafika saa yoyote. Akinikuta hivi, mtoto anaenda Usenge. Na mimi nyumba hii bila yeye...

Alimpenda yule mtoto kuliko alivyodhani mtu aweza kumpenda anayemtapikia kola kila asubuhi. Spika akasimama, na kahawa ilikuwa bado kwenye kikombe chake.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema. Twende tukakanyage hiyo mashini.

— Leo methali umeipatia, Jumla akamwambia.

Wakaingia. Joram akatoa uzi kwenye cherehani, akamweka Perez kwenye katoni lake nyuma ya mlango, na Spika akaanza kukanyaga hewa. Mtoto akapiga miayo, akalala. Wengine wakageukia dirishani penye mwanga, kila mmoja na kanzu yake, wakinong'ona.

— Spika, punguza. Hiyo ni spidi ya kupanda Kericho.

— Nikipunguza ataamka.

— Daktari, hicho kifungo umekishona na suruali yako.

— Najua. Nakipima nguvu.

— Shoneni haraka, jamani. Haraka haraka haina baraka! Spika akahimiza.

— Spika, ni zamu yangu, Jumla akasema.

— Ngoja kwanza nifike Sondu.

Wakabadilishana. Spika akaketi sakafuni akihema. Cherehani ilivuma hata hakuna aliyesikia hodi. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Dorca, mamake Joram, leso begani, akinukia omena. Aliwatazama: mmoja anakanyaga cherehani isiyo na kitambaa, mwingine ameshonwa kwenye suruali yake, wa tatu yuko chini kama aliyepigwa, na mwanawe anakata uzi kwa meno.

— Sss! Mama, pole pole, Daktari akanong'ona. Tunalaza mtoto.

Mama Dorca akachungulia katoni.

— Mnamlaza nani?

Wakageuka wote. Perez alikuwa ameketi wima, futi ya kupimia shingoni, macho makavu, akiwatazama mmoja mmoja kwa raha zake. Hakuwa ameamka sasa hivi. Futi yote ilikuwa imelowa mate.

— Nyakwara, mjukuu wangu, njoo kwa dani, bibi akasema, akinyoosha mikono.

Perez akamchekea, kisha akarudi kutazama wanaume wake. Joram akatoa kanzu ya mwisho. Mama akavuta kila kifungo kimoja kimoja. Kile cha suruali ya Daktari kikakatwa, kikashonwa upya. Kisha akashusha leso begani, akaitandika sakafuni, na moyo wa Joram ukashuka nayo, kwa sababu alijua leso ile ililetwa kubebea nani.

Mama Dorca akazipanga kanzu juu yake, akafunga mafundo, akajitwisha mzigo kichwani.

— Akina mama wa kanisa nao wanataka zao, alisema. Nitawaambia fundi yuko.

Joram alimnyakua Perez, akamzungusha chumba kizima mpaka mtoto akapiga kelele za furaha. Jumla alikuwa bado anakanyaga.