Mama Agathe Aliyeipinga Sahihi Yake Mwenyewe

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Mama Agathe Lofemba anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya kuwapangia shule watoto wenye mahitaji maalumu. Tunamuaga kwa shangwe, maana mambo ya kusherehekea ni mengi.

Alianza kama mwalimu wa darasa la kwanza hapa Kisangani, kisha akaitwa ofisini kuwapima watoto. Waendesha toleka, baiskeli za kubeba abiria, wote wanamjua. Akishapanda nyuma ya baiskeli, huuliza habari za watoto wa dereva. Siku moja dereva aligeuza baiskeli njiani, akampeleka kwake kumwonyesha binti yake asiyesikia. Mama Agathe alifika kwenye mkutano akiwa amechelewa, amemshika binti huyo mkono. Binti aliandikishwa shule siku hiyohiyo.

Lakini kisa tunachokipenda kuliko vyote ni cha Malika.

Miaka tisa iliyopita, Malika alikuwa mtoto wa miaka minane ambaye mwili na ulimi wake vilikuwa vizito. Mama Agathe alimpima, hakupata jibu hata moja, akaweka sahihi apelekwe kituo cha ng'ambo ya mto, ambako watoto husuka vikapu lakini hawafanyi mtihani wa taifa. Mama yake, Zaina, muuza vitenge sokoni, alikata rufaa.

Mama Agathe aliumia. Akaenda kwao kutafuta hoja za kuutetea uamuzi wake. Pale uani alimuuliza Malika ndege zinatua wapi mjini kwetu. Kisha, bila kungoja, akamgeukia Zaina, wakaanza kuongea habari za mvua. Katikati ya maongezi, mtoto akasema, "Bangboka," jina la uwanja wetu wa ndege.

Zaina hakushtuka. "Mutoto yangu anasikiaka yote, Mama," alisema. "Jibu yake inachelewaka tu. Nyinyi hamungojake."

Mkuu wetu wa wakati ule alimwonya Mama Agathe kwamba mpimaji anayejipinga mbele ya kamati ya rufaa hataaminiwa tena. Siku ya kikao Mama Agathe alisimama hata hivyo.

"Nilikosea," aliwaambia. "Mumuulize mutoto kitu munataka, halafu tungoje."

Mwenyekiti, Papa Benoît, alimuuliza Malika mtu akitaka kwenda mji wa Yangambi atapita wapi. Tukangoja. Mtu akakohoa. Zaina alikuwa ameuma upindo wa kitenge chake.

"Bon, tuendelee," alisema Papa Benoît, akivuta faili lingine.

"Bado, Papa Benoît. Tungoje," alisema Mama Agathe.

Shingo ya Malika ilikaza, midomo ikahangaika, ndipo sauti ikatoka: "Kwa mutumbwi. Barabara… iko mubaya."

Kamati nzima iliangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni Papa Benoît mwenyewe. Alifunga lile faili, akasogeza kiti karibu na Malika, akamuuliza tena na tena, sasa kwa hamu ya kumsikia tu. Uamuzi ulifutwa palepale. Zaina aliketi kizingitini akalia, na Mama Agathe akaketi kando yake.

Tangu siku hiyo hakuna mtoto anayepimwa mara moja tu, wala bila kutembelewa nyumbani. Familia nyingine zimeshinda rufaa dhidi yetu, na baadhi ni Mama Agathe mwenyewe aliyezifundisha namna ya kuikata. Wakubwa walinuna kidogo, kisha wakazoea. Aliyemwonya zamani ndiye aliyempendekeza kuongoza idara.

Malika alifaulu mtihani wa taifa. Leo yuko sekondari, anasomea ualimu, na mwezi wa tisa ataanza mazoezi ya kufundisha darasa la kwanza. Mama Agathe ameshaomba kiti cha nyuma darasani.

Mama, aksanti sana. Mungu akupe afya, usingizi mtamu wa asubuhi, na lituma ya moto, zile ndizi za kuponda, mezani kila siku. Utupikie na sisi, tutakuja.