Bia ya Msiba Wangu

Kaeni wote, na huyo aliyesimama mlangoni kama anayesubiri basi la Mikumi aingie au atoke. Evance, zima simu, sifi ili nipigwe picha. Boniface, wewe ndiye mkubwa, sogea hapa kichwani pangu nisilazimike kupaza sauti, maana sauti yenyewe imebaki kidogo na sitaki kuimalizia kwa kukuita mara mbili. Odilia mke wangu, acha kunifuta uso, sina jasho. Vaileth, kaa popote unapotaka, wewe hata ukikaa uani tutakusikia.

Sikilizeni, wanangu. Mimi Yared, baba yenu, nimewatoa kwenye mitambo ya bia kule Mikumi nikawaleta hapa Mabwerebwere kwa jambo moja tu, ila nitaanza na madogo yasije yakasahaulika. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka naye atakapolala, na asitokee mtu wa kumwambia ahamie chumba cha uani ati wajukuu wamekuwa wengi. Shamba la kule mlimani mtalilima pamoja, na kama hamwezi kulilima pamoja basi liacheni liote msitu, tumbili watalitumia kwa adabu kuliko ninyi. Deni la mtu sina. Hayo yamekwisha. Kubwa ni kiwanda: nani kati yenu atakuwa na kauli ya mwisho, awe ndiye wa kuonja bia na kusema hii itoke, hii imwagwe? Nimelala hapa nikiwapima mmoja mmoja, na nawaambia bila kuwaficha, simwoni. Leo nisipomwona, matangi yale wauziwe wapika pilau wa harusini, angalau yatapika kitu kinacholiwa.

Msidhani ni jambo la mchezo. Mzee Holger, yule Mjerumani mpika bia aliyekuja kutazama tembo gari likamfia barabarani, naye akakaa Mikumi mpaka tukamzika, hakunifundisha bia mbili. Alinifundisha moja, pilsner ya kwao, kwa sababu bia nyingine zote, alisema, zina pa kujificha. Nyeusi inajificha kwenye kimea kilichoungua, tamu inajificha kwenye utamu wake, lakini pilsner iko uchi mbele ya watu. Iwe na rangi ya nyasi kavu za mwezi wa nane, uone kidole chako upande wa pili wa glasi. Povu liwe jeupe, lisimame, na kila unaponywa liache mkanda wake kwenye glasi. Puani upate mkate kidogo na yale maua machungu ya hopsi, halafu uchungu uje safi, ukauke ulimini, uondoke, ukuache na hamu ya kunywa tena. Ikinuka mahindi ya kuchemsha, mpishi alikuwa mvivu wa kuchemsha. Ikinuka karatasi iliyolowa, imezeeka. Ikinuka kicheche, kuna mjinga aliyeiacha juani. Bia haisingiziwi, inasema yenyewe ilikotoka.

Sasa watazameni waonjaji wa siku hizi, kama neno hilo linawastahili. Mwaka jana nikaalikwa Morogoro kwenye mashindano, nikakalishwa meza moja na waamuzi. Waamuzi! Wa kwanza alijimwagia marashi mpaka nzi wakahama meza. Wa pili alitoka kula mishikaki ya pilipili, ulimi umekufa ganzi, lakini anazungusha glasi na kufumba macho kama anasali. Wa tatu, kijana wa suruali ya kubana, akasema bia namba sijui ngapi ina ujasiri. Ujasiri! Bia ni askari? Wakaipa ushindi ile yenye picha ya simba kwenye chupa, bia inayonuka kicheche kabisa, wakapiga makofi wakakumbatiana. Nikaitema mbele yao, na hapa nilipolala siwaombi radhi.

Na huyo Mathias wa Kimamba, ndugu yangu wa tumbo moja, mwenye baa, anayekusanya mabaki ya glasi za wateja na kuyarudisha kwenye jagi, halafu anawauzia walevi wake kwa jina langu. Miaka yote mama yenu ananiambia nimsamehe. Haya, nimemsamehe. Akija msibani mpeni kiti, mpeni chakula, akitaka kuliangukia jeneza mwacheni aangukie, ni ndugu yangu. Ila bia yetu asipewe kuuza, hata mkinionea huruma mimi au yeye. Nimemsamehe yeye, mabomba yake machafu sijayasamehe.

Tufike kwenu sasa, maana kuwasema watu wa nje ni rahisi. Boniface, unajua kupika, mikono yako sina ubaya nayo, lakini huna uti wa mgongo. Hoteli ikikupigia simu kwamba watalii wamejaa, unaitoa bia kabla haijapumzika, na nimeshaukuta mfuko wa sukari ya Ruhembe nyuma ya mashudu, ukaniambia ni ya chai ya wafanyakazi. Chai gani inakunywa gunia? Halafu unapoitwa kuonja, unaipoza mpaka glasi inatoka jasho, ulimi unalala, unameza, unasema safi. Hata maji ya mtaro yakipozwa hivyo ni safi. Evance, wewe nikuseme nini? Unaonja kwa ajili ya kamera. Unaigusisha mdomo, unacheka, unainua dole gumba, na bia yenyewe unaimwaga kwenye maua ya mama yenu, na maua nayo yamekufa.

Vaileth, wewe mdomo wako umetutia hasara ya kutosha. Kijana wa watu kaja kuposa na mshenga wake, unamwambia mbele ya wazee kwamba soda alizoleta zimepitwa na wakati na miguu yake inanuka. Wifi zako wanaogopa kukupikia. Nimekuita kwa sababu wewe ni mwanangu, sikukuita kwa jambo la kiwanda, kwa hiyo usinitolee macho.

Kule kwetu milimani, tangu enzi za pombe ya mtama, mwenye pombe ndiye anayeanza kunywa mbele ya wageni, na akishakunywa akasema ni njema, mdogo hana neno tena. Ndiyo heshima yetu, na ndivyo nilivyokiendesha kiwanda. Wafanyakazi wanasimama, mimi nakunywa, nasema, watu wanarudi kazini. Hakuna mtoto aliyewahi kunibishia, na bia yangu imekaa kwenye meza za hoteli za mbugani miaka yote hiyo.

Sasa jambo lililonifurahisha tangu nianze kuugua. Yale mapipa mliyoyashusha asubuhi uani, yaliyofunikwa magunia mabichi, ni bia ya msiba wangu. Daktari aliponiambia, nilikwenda Mikumi nikaipika mwenyewe, kwa mikono hii, bila sukari na bila njia ya mkato, na nilipoinywa mbele ya wafanyakazi nikasema ni njema. Sitaki wanaokuja kunizika wanyweshwe mikojo ya madukani. Wajue Yared alikuwa nani. Odilia, jagi ndilo hilo, wamiminie watoto. Shikeni glasi viganjani kwanza, baridi itoke. Mimi niloweshe midomo tu, tangu wanipe dawa zile kila kitu kina ladha ya msumari.

Haya. Boniface? Safi sana, unasema. Naam. Evance? Kama ya Ujerumani! Wewe Ujerumani umeijulia wapi, safari zako zote zinaishia Ulaya hii yetu, kijiji cha njiani kwenda Mikumi. Lakini sawa, leo kwa mara ya kwanza mmesema jambo la maana. Hivyo ndivyo pilsner inavyotakiwa kuwa, mkiitafuta ladha yangu mtaipata humo.

Vaileth, mbona umeiweka glasi chini?

Kunywa. Umeshakunywa? Basi sema kama wenzako walivyosema. Odilia, usimfinye, nimekuona. Mwache aseme. Tangu lini huyu akakosa maneno? Sema, mwanangu, au umeanza adabu leo?

Rudia. Mwili ndio unaokufa, masikio bado.

Siagi. Inanuka siagi, bia yangu. Bia niliyoipika huku nimeshikilia ukuta nisianguke. Wewe mtoto, nani alikulea? Baba yako yuko kitandani, hajamaliza hata kuaga, unamwambia bia ya msiba wake ni mbovu? Huko Morogoro nilikuwa na wajinga watatu, kumbe wa nne nimemzaa mwenyewe. Boniface, wewe ni mkubwa, mwambie dada yako. Mfundishe.

Boniface.

Sakafuni kuna nini? Nitazame mimi. Nusa tena hiyo glasi, sasa imepata joto, nusa vizuri, halafu uniambie mbele ya mama yako.

Kumbe ulijua. Ulijua tangu siku ile nilipoinywa mbele ya wafanyakazi. Na wewe Evance, hata wewe? Kiwanda kizima kilijua, mpaka mfagiaji, mkasimama pale mkinitazama nikisema njema, mkarudi kazini. Kwa sababu mzee ameshakunywa na mzee ameshasema. Mngewanywesha watu siagi kaburini kwangu kwa heshima! Mathias angeinywa, angetabasamu, angeagiza nyingine. Mnajua mlichotaka kunifanyia, au mnadhani mlikuwa mnanipenda?

Ngoja. Ngoja nipumzike. Odilia, nyanyua mto.

Siagi. Hamira ndiyo inayoitoa, na ukiipa muda kwenye joto kidogo mwishoni, inaila yenyewe na kuimaliza, ndipo bia inaenda baridini. Holger alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kitu kingine chochote. Mimi nikaiwahisha baridini. Nilikuwa na haraka, jamani, daktari alikuwa amenitazama kwa lile jicho lao. Nikanywa, sikusikia kitu, nikadhani nimesikia. Ulimi ulishakufa nami bado nautumia kuwahukumu watu. Naona aibu, wanangu. Inaniuma kuliko hili koo.

Vaileth, njoo. Karibu zaidi. Sikupendi sasa hivi, nataka ulijue hilo, na kama Mungu ataniongezea siku nitakupenda tena kidogo kidogo. Lakini kauli ya mwisho ni yako. Boniface atapika, Evance atauza, na wewe utaonja, ukisema imwagwe itamwagwa, hata hoteli ipige simu mpaka ichoke, hata Boniface alie. Na ile desturi igeuzeni kuanzia leo. Mdogo anywe kwanza na aseme kwanza, mkubwa afuate. Wazee wa milimani wakikasirika waambieni ni Yared aliyeamuru, waje wanidai.

Na wewe usivimbe kichwa. Siku ulimi wako utakapokufa hutajua, mimi sikujua. Tafuta mtu mwenye mdomo mbaya kuliko wako, mvumilie, mweke karibu, na usimfukuze hata akikuudhi. Boniface, usimnunie dada yako. Wewe ulininyamazia kwa huruma, najua, nami huruma yako siitaki ndani ya tangi. Ipeleke kwa mama yako, ataihitaji.

Nizikeni kule juu kwa baba yangu, si hapa Mabwerebwere. Msinijengee kaburi la vigae. Watakaokuja wapeni chai, maji na ugali wa kutosha, na wakiuliza bia ya Yared iko wapi, waambieni kweli, kwamba ilikuwa mbovu na binti yake aliimwaga. Wacheke. Msinitafutie maneno ya kunisitiri.

Inamisheni vichwa, sina nguvu ya kuwafikia mmoja mmoja. Mungu aliyenipa ulimi, na akauchukua bila kuniarifu, awape ninyi chakula, awape watoto, awape amani na huyu mama yenu. Awape mtu wa kuwaambia ukweli mkiwa wazima, na masikio ya kumsikia. Mbarikiwe nyote watatu. Na wewe, Vaileth. Wewe pia. Wewe sana.

Sasa tokeni uani mkayafungue yale mapipa, bia imwagike. Yote. Odilia, sukuma dirisha, nataka kusikia.

Naam... naisikia. Boniface, acha kulia, shika pipa kwa mikono miwili. Povu lake likoje, Vaileth? Limesimama?

Limesimama. Asante.

Mbona mmeacha kumwaga? Bado lile la mwisho. Msinibakizie, wanangu... na lile la mwisho.