Dada Kohoa na Gauni Lisilorudi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, muuguzi wa kliniki yetu ya kifua kikuu anastaafu. Wagonjwa walimbandika jina la Dada Kohoa, na sasa hata mganga mkuu hamwiti vinginevyo.

Alianza wodini, kisha akahamia chumba cha mwisho cha korido, chenye dirisha kubwa. Kazi aliyoipenda ni ile inayokimbiwa: kuwarudisha wagonjwa kupima makohozi wakiwa wameshapata nafuu. Mwezi wa tano wa dawa mtu amenenepa, kifua kimekauka, analeta mate na kuapa kwamba ndiyo yote aliyonayo. Dada aliyainua kwenye mwanga na kusema hayo ni ya kubandikia stempu. Kisha alimpeleka mgonjwa uani akamwonyesha: mikono kiunoni, pumzi ndefu, halafu kikohozi kilichosikika hadi jikoni. Wageni walidhani mgonjwa ni yeye.

Katika miaka yake, wakwepaji wa kipimo walipungua hadi tukawa tunawajua kwa sura.

Mmoja alimshinda. Alikuwa fundi cherehani. Hakuruka kidonge hata kimoja, ila kipimo cha mwezi wa tano alikipiga chenga. Yeye mzima, alisema, akapime nini? Dada alijua kwamba mtu anaweza kujisikia mzima na vijidudu bado vimo. Ili asimwaibishe mbele ya wateja, alimpelekea gauni lake la bluu apunguze pindo, na kikopo cha makohozi kimo ndani ya mfuko. Fundi aliahidi vyote viwili Jumamosi. Jumamosi ilipofika, kibanda kilikuwa kitupu na majirani hawakujua alikohamia.

Tulimtania kwamba ameibiwa mchana kweupe. Alijibu kwamba gauni abaki nalo, yeye anataka makohozi. Tangu hapo, cherehani ikilia popote mtaani, lazima ageuke.

Alipokabidhi ofisi aliacha ombi moja: akija mwanamume na gauni la bluu, asiulizwe alikuwa wapi. Apewe kikopo, apelekwe uani.

Korido itakuwa kimya, na ukimya huo hatujui tutauzoeaje. Asante, Dada, kwa vifua vyote ulivyovisikiliza. Tunakutakia afya na siku za raha nyumbani. Ukipita huku, kohoa mlangoni tujue ni wewe.