Felisiani Bitama na Alama ya Viganja Viwili

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 18 Novemba 2015, hospitalini Kasulu, kando ya kitanda cha marehemu alikuwepo mkewe, Mama Odilia, alikuwepo mwanawe Raymond, alikuwepo binti yake Loyce, alikuwepo Bwana Haidari Hilali, mwenye duka sokoni, nilikuwepo mimi, kaka yake, Stanislaus, na mlangoni, ambako hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza, alikuwepo Pasikali Ntahondi, mtoto wake wa ubatizo. Nawataja wote kwa sababu familia imeniagiza nisimwache mtu.

Marehemu Felisiani Bitama alizaliwa tarehe 3 Mei 1946, Nyakitonto, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Bitama Rwasa na Mama Anastazia, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1955, kisha shule ya kati hapa Kasulu, na tarehe 1 Julai 1966 aliajiriwa serikalini kuwa msaidizi wa bwana nyuki, akapangiwa Kibondo, ambako alitumikia hadi alipostaafu mwaka 2001. Tarehe 12 Agosti 1972 alifunga ndoa na Odilia, wakajaliwa watoto watatu, Raymond, Loyce, na Recho aliyefariki akiwa mchanga.

Mwaka 2003 alianza kufungasha asali hapa mjini, akamwomba Mwalimu Nicodemus Gwimo amchoree alama ya kubandika kwenye chupa, nayo ikawa viganja viwili vinavyokutana, kama sisi Waha tunavyosalimiana, mdogo akianza kupiga makofi, mkubwa akipokea kwa kupiga yake. Viganja vilivyochorwa vilikuwa vya mama yetu, na Mwalimu hakukificha kidole chake kidogo cha kushoto, kilichovunjika akiwa msichana kikaunga vibaya. Pasikali, ambaye marehemu alimsimamia ubatizo na baadaye akampa kazi, ndiye aliyebandika alama hizo kwa miaka saba, mpaka alipoondoka mwaka 2011 kwenda kujitegemea Kibondo.

Mwezi Aprili 2012 mama mmoja aliirudisha chupa dukani kwa Bwana Haidari, akasema mbele ya watu, "Mzee Felisiani, siku hizi nyuki wako wanakula miwa?" Watu wakacheka, marehemu akaonja, ikawa ni sukari iliyochemshwa, nayo chupa ilikuwa na viganja vile vile. Chupa za namna hiyo zilionekana pia sokoni Nyarugusu, zikafuatiliwa hadi Kibondo, kwa Pasikali. Marehemu alikwenda mwenyewe, Pasikali akachuchumaa, akapiga viganja kwa heshima kama alivyofundishwa, na marehemu akasimama mbele yake mikono ikiwa mifukoni, kisha akageuka akaondoka bila kuipokea salamu ile, jambo ambalo kwetu halifanywi hata kwa mtu mliyegombana naye shambani.

Alipotafuta kumzuia kisheria ndipo lilipojulikana kosa la marehemu mwenyewe. Miaka yote aliamini kwamba kuliandikisha jina la biashara kumeilinda na alama, akaelezwa kwamba jina ni jambo moja na mchoro ni jambo jingine, na kwamba mchoro wake haukuwa umesajiliwa kwa mtu yeyote. Akapeleka maombi kwa msajili, Dar es Salaam, maombi yakatangazwa, na Pasikali akaweka pingamizi, akisema kwamba makofi ni ya Waha wote, hakuna mzee anayeweza kuyawekea uzio. Wengi mlioketi hapa mlimwunga mkono, na sisemi kwamba hamkuwa na hoja.

Marehemu hakudai makofi, alidai mikono ya mama yake. Mwalimu Nicodemus aliapa kuhusu kidole kile, na alama za Kibondo zilipotazamwa zikaonekana zimekinakili vile vile kilivyopinda. Pingamizi lilikataliwa, alama ikasajiliwa tarehe 6 Machi 2015, na Pasikali akaacha kuitumia. Lakini kufikia siku hiyo wenye maduka, isipokuwa Bwana Haidari, walikuwa wamekwisha kuikataa asali ya viganja, ya kweli na ya uongo, na wafugaji nyuki wa Nyakitonto walikuwa wakiwauzia wengine. Shauri lile alilishinda, biashara hakuipata tena.

Tarehe 9 Oktoba 2015 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa pamoja na ulimi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliompikia Mama Odilia, wafanyakazi wenzake wa zamani waliotoka Kibondo katika mvua hii, na Mwalimu Nicodemus, na tunamwombea ndugu yetu apumzike mahali ambapo hatadaiwa uthibitisho wa kilicho chake.

Imebaki asubuhi ile. Pasikali aliingia kutoka mlangoni, akachuchumaa kando ya kitanda, akapiga viganja, taratibu, na hakuacha. Raymond alitaka kumtoa, mama yake akamwambia, "Mwache, baba, si wewe unayesalimiwa." Marehemu alifumbua macho, akauinua mkono wa kushoto, ule mmoja uliobaki, akaushikilia hewani, kisha akaushusha juu ya blanketi. Loyce anasema alikuwa akipokea, Raymond anasema alikuwa akimfukuza, na mimi niliyemjua tangu kuzaliwa kwake sikuweza kutambua.

Felisiani Bitama alifariki saa tatu asubuhi.