Sweta Zilizobaki Bila Shingo

Ndugu, majirani, walimu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi, familia imeniomba mimi, mke wa mtoto wake wa kwanza, niwasomee maisha ya mama yetu, mwalimu mstaafu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Fumua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba, baba yake akiwa seremala na mama yake mkulima, akakulia katika nyumba ya vyumba viwili ambayo sebule yake mchana ilikuwa karakana, hivyo alijifunza kutembea katikati ya maranda ya mbao. Alianza shule ya msingi mwaka 1959, na kwa kuwa alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto, mwalimu wake wa kwanza aliufunga mkono huo kwa kitambaa hadi akazoea kuandika kwa wa kulia, ila kila kazi nyingine aliendelea kuifanya kwa kushoto, akisema daftari ni la mwalimu lakini mkono ni wake. Alimaliza sekondari mwaka 1970, akaingia chuo cha ualimu, na Januari 1973 akaajiriwa katika shule ya msingi iliyo hapo chini ya barabara, kufundisha hesabu, na hakuhama shule hiyo hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2011.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma, baba yetu huyu aliyekaa mbele, na kwa miaka yote waliyoishi pamoja yeye alimwita mumewe Fundi, na mumewe alimwita Mwalimu, wakigombana na wakipatana kwa majina hayohayo. Walijaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia akiwa mchanga, wakabaki wa kiume mmoja na mabinti wawili, na ameacha wajukuu tisa.

Msimu wa baridi wa mwaka 1978 shule iliweka sheria kwamba mtoto asiye na sweta arudishwe getini, na marehemu, aliyekuwa wa zamu siku hiyo, aliwarudisha watoto kama alivyoagizwa, akaingia darasani akakuta nusu ya madawati ni matupu. Hakwenda kubishana na mwalimu mkuu. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba sweta kuukuu zilizotoboka viwiko, akazifumua, akaosha nyuzi na kuzizungusha kwenye migongo ya viti zinyooke, na Fundi akamkatia spoki za baiskeli na kuzisugua ncha ziwe sindano, huku akilalamika kwamba kwa mwendo huo baiskeli za mtaa mzima zitatembea kwa magoti. Kila Jumatano baada ya masomo, katika stoo ya vifaa vya michezo, aliwafundisha watoto kujifumia sweta zao wenyewe, wasichana kwa wavulana, na hakuna tena aliyerudishwa getini kwa ajili ya sweta, ila wachache waliorudishwa kwa utundu wao.

Mkono wake wa kushoto hapo ulifaa, maana alikaa akiwatazama watoto uso kwa uso, nao wakamwiga kama mtu anavyojitazama kwenye kioo. Hakumrekebishia mtoto kazi hata siku moja, kitanzi kikiponyoka alisema fumua, mtoto akilia alisema lia huku unafumua, na ndiyo asili ya lile jina. Mzazi mmoja alikuja stooni kufoka, akisema, "Mwalimu, nimemleta mwanangu asome, sikumleta awe bibi," naye marehemu akamtazama kuanzia viatu hadi kola, akamwambia, "Hiyo suruali uliyovaa amekushonea fundi mwanamume, mbona hujamrudishia?" Mzazi aliondoka, mtoto alibaki.

Alistaafu kazi lakini Jumatano hakuistaafu. Tarehe 9 Februari 2022 alipata kiharusi, kikamwachia kauli na akili zake zote, kikachukua mkono wa kushoto. Tulidhani darasa limekwisha. Wiki ya tatu alimwambia mumewe aweke sindano mkononi, si mkononi mwake, mkononi mwa mumewe, na tangu hapo yeye akawa mdomo na Fundi akawa vidole. Kwa kuwa Fundi anatumia mkono wa kulia, watoto walisimama nyuma ya kiti chake wakichungulia juu ya bega, na kwa kuwa vidole vyake vimekwaruzwa na chuma kwa miaka hamsini, uzi ulimnasa kila mahali. "Fundi, huchomelei geti, legeza." "Mwalimu, nikilegeza kitanzi kinaponyoka." "Basi fumua." Watoto walicheka hadi mlinzi akaja kuchungulia. Kwa njia hiyo Fundi alijifunza mgongo, kisha kifua, kisha mikono, na marehemu alikataa kumfundisha shingo kabla mikono miwili ya sweta yake haijalingana, akisema shingo haimkimbii mtu.

Mikono ililingana mwezi Machi mwaka huu. Tarehe 30 Machi kiharusi cha pili kikachukua kauli. Kitandani alijaribu kumwonyesha Fundi shingo kwa mkono wa kulia uliobaki, alasiri nzima, yeye akichora hewani na Fundi akitazama, lakini hawakuelewana, na wote wawili walijua hawajaelewana. Alifariki dunia tarehe 19 Aprili, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuja nyumbani hata siku za mvua, majirani waliopika na kufua bila kuulizwa, na walimu wenzake waliotuachia ile stoo muda wote huu.

Mwisho ni ombi. Sweta za watoto wa mwaka huu zote zimefika mabegani na zimesimama hapo, baridi iko mlangoni, na sheria ya getini ipo hadi leo. Katika nyumba yetu hakuna mwingine afumaye, mabinti zake walishindwa na kufumua tangu utotoni, na mimi nisiwadanganye, hata kifungo nashonewa. Fundi anasema Jumatano ijayo atakuwa stooni, awe anajua shingo au hajui. Lakini kati yenu mliosimama hapa wapo waliofundishwa na marehemu. Tukitoka makaburini, Fundi atakaa kwenye benchi la nje ya nyumba, ana sweta moja na sindano zake. Ambaye vidole vyake bado vinakumbuka, amfuate pale, pole ataitoa baadaye, kwanza akae kando yake amwonyeshe, na akikosea asione haya kufumua.

Mama, umefundisha vya kutosha. Pumzika kwa amani.