Betri Iliyoonewa Huruma

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi wa betri. Karakanani walimwita Mwoga, naye aliitika bila kinyongo.

Alitunza betri za magari ya umeme, yale yanayopanda mawe kwenye machimbo ya kokoto. Kila asubuhi alisoma joto la kila betri kwenye kompyuta. Kisha, kana kwamba haiamini kompyuta, aliigusa betri kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Hata chaja ya simu yake aliichomoa akienda kunawa mikono! "Kwa mwoga huenda kicheko," wenzake walimtania, akacheka nao.

Amri yake ilikuwa moja. Narudia, moja tu. Gari likigonga jiwe kwa tumbo, lisichajiwe wala lisiingizwe ndani. Likae uani peke yake siku tatu. Betri iliyoumia ndani inaweza kutulia siku nzima, halafu ikawaka.

"Na mvua je, dada?" aliuliza dereva mmoja, mdogo wake wa tumbo moja.

"Ikinyeshewa tutapoteza betri. Ikiwa ndani tutapoteza watu."

Jumatatu ile mvua ilianza alfajiri. Uani kulikuwa na gari lililogonga jiwe Jumapili. Siku zake tatu hazijatimia. Mdogo wake akaliona linalowa, akalionea huruma. Akalisukuma ndani na kulifunika turubai. Kisha akaingia chini ya gari jingine kukata chuma.

Saa tatu dada mtu akafika. Mlangoni alikutana na harufu tamu, kama rangi ya kucha. Aliijua harufu ile, na kwa miaka mingi alikuwa akiiogopa hata usingizini. Halafu akasikia pa, pa, pa, kama bisi jikoni. Moshi mweupe ukatambaa chini ya turubai.

"Tokeni! Acheni kila kitu, tokeni!"

Wakatoka mbio. Akawahesabu pale nje, kwenye mvua. Mmoja hayupo. Ndani, mashine ya kukatia chuma ilikuwa bado inanguruma.

Mdogo wake anasimulia: "Nilihisi mtu kanishika mguu. Alikuwa analia, anasema, 'Naogopa, mdogo wangu, naogopa, toka!' Lakini hakuniachia. Tulipofika mlangoni akanisukuma mbele, nyuma yetu kukalipuka."

Wasikilizaji wapendwa, moto haukumgusa. Kilichomuumiza ni moshi. Alilala hospitalini siku tisa, na Jumatano akatutoka.

Jana tulimkuta mama yao sebuleni, viatu vya kazi vya bintiye vikiwa mapajani. "Walisema kwa mwoga huenda kicheko," alituambia. "Mbona kwangu kimekuja kilio?"

Pole sana, mama. Pole kwa mdogo wa marehemu, ambaye hajarudi kazini na bado hawezi kukaa katika chumba chenye mlango uliofungwa. Poleni mafundi wote. Mungu ailaze roho yake mahali pema.

Na wewe unayetusikiliza, tazama hapo ulipo. Kama kuna betri iliyoanguka, iliyogongwa au iliyovimba, usiichaji. Iweke nje, mbali na watu. Mvua ikinyesha, iache inyeshewe.