Wilf Hakutia Saini

Benchi la sokoni Hexham, mji mdogo wa Kiingereza, liko ubavuni mwa gari la kahawa, na asubuhi hiyo ya mvua lilikuwa na pengo. Wilf Garside, mnadi wa kondoo, alikuwa amezikwa wiki iliyopita. Walibaki Jaji, aliyepata jina hilo kwa kuitwa mara moja tu kuwa mzee wa baraza mahakamani. Kengele, mpiga kengele wa kanisa. Na Hester Lumley, wakili wa wosia na mirathi, aliyekuwa akiipuliza kahawa yake bila kuinywa. Wosia wa Wilf alikuwa ameuandaa yeye. Ulikuwa bado drooni, hauna saini, na miiko ya kazi haikumruhusu kuutaja.

— Nesta wa Wilf hana wasiwasi na nyumba ile, alisema Jaji. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule kalishika jembe la Wilf mpaka kazeeka nalo. Huyo mke!

— Tena mke wa mazoea, Kengele akadakia. Waliokaa pamoja miaka yote bila ndoa, sheria yao ipo.

— Haipo, alisema Hester. Bila ndoa wala wosia, nyumba ni ya ndugu wa damu.

— Nani, yule kaka wa Kanada? Jaji akauliza. Hata kuzika hakuja!

— Ndiye.

— Basi Nesta akashtaki!

— Aweza. Ila hata akishinda, kodi ya urithi inatangulia kukata. Mke wa ndoa asingeguswa na kodi hiyo.

— Mama wakili, na wewe unatutia baridi tu.

— Dawa ninayo, alisema Kengele. Ufaransa watu wanaolewa na maiti, kwa sheria kabisa. Tumpeleke Wilf huko.

— Kashazikwa, we!

— Tunamfukua. Kawia ufike!

Walicheka. Hester alikumbuka sauti ya Wilf siku alipokataa kutia saini, mlangoni pa ofisi: “Wosia unaita kifo, bibie. Ngoja mnada wa vuli upite.”

Ndipo Nesta akatokea, koti jeusi limelowa. Walisogeleana wampishe.

— Sikai, asanteni. Natoka kwa mchonga mawe ya makaburi. Anataka kuweka jina langu kama mfiwa chini ya la Wilf, anauliza nilikuwa nani wake. Nyie ndio mliomjua. Nimwambie nani?

Jaji alimsogezea Nesta kahawa yake.

Jibu la sheria Hester alikuwa nalo, neno moja tu: mgeni. Alilimeza pamoja na kahawa iliyokwisha poa.